Feni Inayopiga Bi-flati

FYUZI: Haya tuko hewani, mimi Fyuzi, huyu Zuu, na leo Zuu ana plasta kidoleni.

ZUU: Usianze, kaka.

FYUZI: Si ndo habari yenyewe ya wiki? Hebu waambie.

ZUU: Jumatano mazoezini, tumepiga kama dakika 40 hivi, nikaenda kwenye raki, ile kesi tunayopangia vifaa vya sauti, kupunguza sauti, si unazijua zile skrubu za pembeni zinazoshika kila kifaa, kidole kikagusa ya pawa ampu, ile inayoipa sauti nguvu. Aisee, ya moto! Nikaruka. Halafu naangalia vizuri naona lebo zangu za selotepu, nliandika KLINI kwenye priampu, ile inayopokea sauti ya gitaa kwanza, na EKO kwenye mashine ya efekti iliyo chini yake, gundi yote imelainika, KLINI imeteremka imeikalia EKO. Haijapita hata dakika mbili efekti ikaganda, unabonyeza haijibu, imeshika sauti ileile moja tu inarudia ta-ta-ta-ta.

FYUZI: Na mfuniko wa nyuma wa kesi ulikuwa wapi?

ZUU: Tuendelee.

FYUZI: Wasikilizaji wanauliza.

ZUU: Ulikuwa umefungwa! Nlisahau kuutoa. Haya, furahi.

FYUZI: (anacheka) Umeoka efekti, dada yangu.

ZUU: Na kinachoniuma, ampu yenyewe haikuwa na neno. Inapiga tu raha mustarehe.

FYUZI: Vali hizo, bwana, ile mirija ya kioo ndani ya ampu, zinaishi kwa joto. Chukua vali moja ya aina ya EL34, ile sehemu ya kuipasha moto tu inakula volti 6.3 kwa ampia 1.5, kama wati 9 na nusu, we unazo nne, hizo wati 38 zinawaka hujagusa hata gitaa. Umeweka jiko halafu juu ya jiko ukamweka jirani. Kapasita zake huyo jirani, vile vidude vya kutunza umeme, mafundi wanakadiria kila nyuzi 10 zinazoongezeka umri wake unakatika nusu.

ZUU: Nyuzi 10? Mi gitaa langu lina sita.

FYUZI: Nyuzi za joto, Zuu.

ZUU: Najua, nakuchokoza. Basi Alhamisi nikafunga feni. Moja, ya milimita 120, volti 12, mabawa saba. Joto limeshuka, skrubu naishika. Ila inaimba.

FYUZI: Inavuma.

ZUU: Nimesema inaimba! Nyimbo zetu zote zikawa zinasikika kama kuna mtu yuko nje kidogo ya kii, tukaanza kulaumiana, mpiga besi akanuna, mpaka wa kinanda akasema hebu wote nyamazeni, akabonyeza. Bi-flati. Nikasogeza tyuna, kile kipima noti, kwenye feni, ikawaka kijani, yaani ndo yenyewe.

FYUZI: Acha uongo. Ina raundi ngapi?

ZUU: Boksi linasema 2000 kwa dakika.

FYUZI: Ngoja. 2000 gawa kwa 60, thelathini na tatu na ushee kwa sekunde, mara mabawa saba, kila bawa linapiga hewa... 233. Wee! Bi-flati ya chini ya C ya katikati si ni hezi 233, mitetemo 233 kwa sekunde?

ZUU: Nlikwambia!

FYUZI: Kumbe umeajiri mpiga ala.

ZUU: Na hachelewi mazoezi, hanuni. Sasa tumehamishia nyimbo tatu kwenye Bi-flati, mi natia kepo, kile kibanio cha nyuzi, fireti ya kwanza, nacheza umbo la A, maisha yanaendelea.

FYUZI: Si uishushe hiyo feni iwe A kabisa? Unahitaji, ngoja, 220 mara 60 gawa kwa saba... raundi 1886 hivi.

ZUU: Nlijaribu kuilisha volti 7. Ikawa kimya kweli, ila ikashuka kama 1200.

FYUZI: Hiyo inakuwa hezi 140, karibu na C-shapu.

ZUU: Karibu! Yaani imepitiliza kidogo. C-shapu iliyolewa.

FYUZI: Mfukuze, huyo hajui kutyuni. Haya tuwe siriasi, mi nlikuwa na pointi tatu leo. Ya kwanza, feni yako inavuta au inasukuma?

ZUU: Inavuta. Iko juu nyuma, inatoa nje. Joto linapanda lenyewe, unalipokea mlangoni.

FYUZI: Kosa.

ZUU: Kosa lipi?

FYUZI: Feni ya kuvuta inafyonza vumbi kwa kila tundu, kwenye soketi, kwenye poti za kuzungushia sauti, kila mahali. Weka chini mbele, isukume ndani, kwenye mlango mmoja wenye sponji. Tena mota yake inakaa kwenye hewa baridi, inadumu.

ZUU: Na hilo joto la vali unalisukumia wapi? Si kwa jirani yuleyule wa juu?

FYUZI: Linatokea nyuma, kama mtu amekumbuka kutoa mfuniko.

ZUU: Ukiishiwa hoja unarudi kwenye mfuniko. Na sponji lako ulisafisha lini?

FYUZI: Hilo si la leo.

ZUU: Lini?

FYUZI: ...Mwaka huu.

ZUU: Sponji lililojaa vumbi ni blanketi hilo.

FYUZI: Na we ile nafasi moja uliyoacha wazi chini tu ya feni, unadhani inasaidia? Feni inavuta hewa ya hapohapo karibu, inaitoa, inavuta tena, huko chini kwenye vali hakuna kinachosogea. Ziba kwa bati, hewa ilazimike kuanzia chini.

ZUU: Hapo nitaziba. Ila feni haigeuki.

FYUZI: Itageuka.

ZUU: Haigeuki, Fyuzi. Nimeshaifunga na raba za kuzuia mtetemo, skrubu nne, na kidole kimoja kibovu.

FYUZI: Basi ukioka nyingine usinipigie.

ZUU: Nitampigia nani sasa? Pointi ya pili ilikuwa nini?

FYUZI: Feni isile umeme mmoja na pedali zako, maana ile mota... aa, tumebakiza dakika moja.

ZUU: Na ya tatu?

FYUZI: Ya tatu ndo ilikuwa nzuri kuliko zote.

ZUU: Itaje basi.

FYUZI: Kwa sekunde 30? Siiharibu. Imba tuondoke.

ZUU: Kii gani?

FYUZI: Muulize mwajiriwa wako.