Nani Alikufundisha "Kuongeza Kidogo"?

Asanteni, kaeni. Najua wengi mmekuja na madaftari mkitaka niwaambie barua ya maombi ya kazi ianze vipi na wasifu, yaani CV, uwe wa kurasa ngapi. Kurasa mbili zinatosha. Hilo limekwisha, sasa tuzungumze.

Nimekaa kwenye majopo ya usaili miaka mingi, na kuna neno moja limenichosha: "kidogo". Mtu ameongeza kidogo. Alipanga mafaili wiki tatu akiwa mafunzoni, kwenye wasifu anaandika "msimamizi wa kumbukumbu". Muulize kwa nini. Hatakwambia aliamua kudanganya. Atakwambia kila mtu anafanya hivyo.

Siku moja alikaa mbele yetu kijana nadhifu, ana sauti nzuri. Aliandika kwamba aliongoza timu ya watu 12. Mwenzangu hakumtega. Alimuuliza kwa upole tu: "Kati yao, nani alikusumbua zaidi, na ulifanyaje naye?" Kijana akanyamaza. Akaikunja karatasi yake, akaikunjua, akaikunja tena. "Wote walikuwa wazuri." Tukamwomba atutajie kazi za wawili tu. Jasho likamtoka.

Kilichoniuma kikaja baadaye. Tulipomuuliza alifanya nini kwa mikono yake mwenyewe, sauti ikamrudi. Akaeleza alivyogundua kwamba mzigo wa stoo haulingani na daftari la mapokezi, akahesabu upya rafu moja baada ya nyingine, mpaka akaona kosa linaingilia wapi: mzigo uliorudishwa ulikuwa unaandikwa mara mbili. Jamani, mtu wa namna hiyo ndiye tuliyekuwa tunamtafuta! Alikuwa nacho tulichokitaka, akakificha nyuma ya watu 12 ambao hawakuwapo. Hatukumchukua, nani angemwamini tena na daftari?

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi na sitaacha. Nani alimwambia kijana yule kwamba ukweli wake hautoshi? Wazo hilo hakuzaliwa nalo. Alilipata kwa rafiki aliyemwazima wasifu wa kunakili, kwa ndugu aliyemwambia "andika tu, hawaangalii", kwa kila aliyemsifu mjanja na kumwita mkweli mshamba.

Namsikia mtu anasema moyoni: maadili ni kati ya mtu na nafsi yake. Sikubali. Mwanasaikolojia Solomon Asch, kule Marekani miaka ya 1950, aliwaonyesha watu mstari mmoja, kisha mitatu, wataje upi unalingana na ule wa kwanza. Mtoto angeweza. Lakini waliokaa chumbani na mtu huyo walikuwa wamepangwa kutoa jibu la uongo, kwa sauti, kabla yake. Kiasi cha robo tatu ya waliopimwa walifuata uongo ule angalau mara moja. Macho yao yalikuwa mazima! Sasa hili liandikeni: alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema kweli, kufuata mkumbo kulipungua sana. Mmoja!

Basi mtafute huyo mmoja. Kabla hujatuma maombi, mpe wasifu wako mtu mliyefanya kazi pamoja, hata kama kuandika si fani yake. Asome mstari kwa mstari, nawe umekaa mbele yake. Akisita mahali, futa.

"Mwalimu, wenzangu wakiongeza nami nisiongeze, nitachujwa mapema." Hoja hiyo nzito, na kuna wanaochujwa hivyo kweli. Ndiyo maana nawasihi mweleze mlichokifanya hadi kionekane. "Niligundua mzigo uliorudishwa unaandikwa mara mbili, nikarekebisha daftari" ni sentensi inayomfanya msomaji akuite. "Kiongozi mahiri" haimwambii kitu. Halafu uongo wa wasifu unaweza kukuumbua hata baada ya miaka mingi. Marilee Jones, mkuu wa udahili wa chuo kikuu cha MIT kule Marekani, alijiuzulu mwaka 2007, baada ya miaka 28 chuoni hapo, ilipobainika kwamba alidai shahada asizokuwa nazo. Kazi aliiweza, na alisifiwa kwayo. Scott Thompson, mkurugenzi mkuu wa kampuni ya mtandao ya Yahoo, mwaka 2012, uongozi wake haukufika hata nusu mwaka. Naye kisa ni shahada asiyokuwa nayo.

Naona naonyeshwa saa. Basi, haraka, kuhusu wadhamini mnaowaandika kwenye wasifu: mpigie mtu simu kabla hujamwandika, muulize atasema nini juu yako. Usimwandike kwa sababu ya cheo chake. Swali la mshahara tuliache kwa leo.

Nanyi mlio kazini tayari, wadogo zenu watawaletea wasifu mwutazame. Msiwaambie waongeze. Waulizeni walifanya nini, kisha mwape muda wa kujibu, maana jibu la kwanza huwa "hakuna". Ngojeni la pili.

Haya, maswali. Dada pale nyuma, mkono wako uko juu tangu nilipotaja jopo.