Okota Kipande Chako

Mmekaa? Haya. Walionisikia mara iliyopita watanisamehe, maana nitasema lilelile, na nitaacha kulisema siku mtakapoacha kulifanya.

Mtu anakuja na upanga wake wa Kijapani kufanya mazoezi ya kukata mkeka. Mkeka umeviringishwa, umelowekwa usiku kucha, umechomekwa juu ya kigingi. Anavuta pumzi, anashusha mikono, shwaa! Kipande kinaanguka, watu wanapiga makofi, naye anatazama nini? Upanga! Wengine wanatazama simu iliyokuwa ikiwarekodi. Kipande kiko sakafuni, hakijaliwi na mtu, mwishowe kinafagiliwa. Barua yako imefika, unaitupa bila kuisoma.

Nami nilikuwa hivyohivyo. Siku moja nilikata mshazari, kutoka bega la kushoto la adui wa kufikirika hadi nyonga yake ya kulia, mkato ambao Wajapani wanauita kesagiri, nikajiona nimefika. Mwalimu wangu hakunisifu wala hakunikemea. Aliinama, akaokota kipande, akakiweka mezani upande uliokatwa ukiwa chini, akakigusa kwa kidole. Kikayumba kama mtumbwi. Halafu akanishika mkono, akanipeleka kwenye kigingi nikapapase kilichobaki. Kilikuwa kimebonyea kama upawa. Akasema, "Wewe hukukata. Umechota."

Nilikasirika siku tatu. Ya nne nikaelewa. Mkato wangu ulianza na pembe moja ukaishia na nyingine. Makali yanapaswa kuelekea kulekule upanga unakokwenda, tangu yanapoingia hadi yanapotoka. Hiyo ndiyo hasuji. Mkono wa kulia, ulio karibu na kilinzi cha mpini, kazi yake ni kuongoza. Wa kushoto, ulio mwishoni, ndio wenye nguvu. Mimi nilikaza wa kulia kama mpasua kuni, kisha katikati ya safari nikauvutia upanga kwangu. Mkeka ukaandika yote hayo. Ukikuta nyuzi zimechanika upande wa kutokea, makali yaligeuka, au kasi iliisha kabla ya kazi. Mkeka ukiruka pamoja na kigingi chake, umeupiga kwa ubapa, na ushukuru kama upanga haukupinda.

Namsikia mmoja kule nyuma akinong'ona: "Lakini si ulikatika?" Ulikatika, ndiyo. Hata shoka lingeukata! Upanga ulionolewa vizuri humfichia mtu makosa yake, ndiyo maana tunakwenda kuyatafuta kwenye mkeka.

Na wewe unayetaka kuuliza nani vitani atakuwa na muda wa kukagua kipande. Vita gani, ndugu yangu? Serikali ya Japani ilipiga marufuku raia kutembea na panga hadharani mwaka 1876. Kabla ya hapo, enzi za Edo (1603 hadi 1868), panga zilijaribiwa kwa maiti za waliouawa kwa hukumu. Ukoo wa Yamada Asaemon ulijulikana kwa kazi hiyo, na matokeo yalichongwa kwenye ulimi wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Wale walikuwa wanapima upanga uliofuliwa na mhunzi. Wako hauna shida, mikono yako ndiyo inayopimwa.

Naona naonyeshwa saa. Basi haraka haraka. Chupa za plastiki zenye maji, ambazo wengine huzikata badala ya mkeka, sina ugomvi nazo. Chupa iliyosimama peke yake huangushwa na mkato mbaya, ila haikuachii uso wa kusoma kama mkeka. Mlio wa upanga hewani: wenye mfereji ubavuni hulia kirahisi kuliko usio nao, kwa hiyo msijisifu kwa miluzi. Kuusimamisha upanga baada ya mkato, usiende kugonga sakafu wala goti lako mwenyewe, hilo nililiandalia nusu saa nzima. Nimeimaliza kwa mtumbwi na upawa.

Moja tu siliachi. Kabla hamjagusa mkeka, kagueni kile kijiti cha mwanzi kinachopita kwenye mpini. Hicho ndicho kinachoushikilia upanga. Kikivunjika katikati ya mkato, chuma kinachomoka na kuwafuata watazamaji, na watazamaji leo ni ninyi. Kwa hiyo safu ya mbele, rudini nyuma hatua tano. Bado. Bado kidogo. Haya, nani anaanza? Na kipande kikianguka, asikiguse mtu mwingine.