Karatasi au Gunia: Simlinki Ndani ya Kifurushi

Wakubwa shikamooni, vijana mambo. Nashukuru mmeacha upepo wa Capri Point mkaja kusikiliza habari za tar, programu ya kufunga mafaili kuwa kifurushi kimoja.

Tuseme unampelekea shangazi yako wa Ukerewe dagaa. Unafika mwaloni Kirumba, unachukua boksi, ndani unatia karatasi: "Dagaa wapo Kirumba, kibanda cha tatu." Boksi linapanda meli mpaka Nansio. Shangazi anafungua. Atapika nini?

Karatasi hiyo ndiyo simlinki. Haina kitu ila njia ya kwenda kwenye faili au folda nyingine. Piga ls -l, amri ya kuorodhesha mafaili: simlinki inayoelekea ../pamoja/rangi.conf ina baiti 20. Hesabuni herufi, nukta na mikwaju, mtapata 20. Faili lenyewe hata likiwa na megabaiti mia, karatasi ni ileile.

Sasa, tar ukiiacha ilivyo inafunga karatasi. zip -r ukiiacha ilivyo inafunga gunia la dagaa, yaani faili lenyewe. Folda moja, mizigo miwili tofauti! Ukitaka tar ibebe gunia, iongezee -h. Ukitaka zip ibebe karatasi, -y.

Mimi iliniumbua. Skripti yangu ilikuwa na mstari huu: tar czf mzigo.tgz sasa. Kumbe "sasa" yenyewe ni simlinki ya toleo la wiki ile. Nikamtumia mteja wa Musoma, akanipigia: "Kaka, mbona humu hamna kitu?" Kweli, mlikuwa na karatasi moja tu, na tar haikulalamika hata kidogo. Siku hizi naandika tar -C sasa -czf mzigo.tgz . yaani iingie kwanza ndani ya folda, ndipo ifunge inachokikuta. Ile nukta ya mwisho ni sehemu ya amri, msije mkaiacha.

Lakini msikimbilie -h kila mahali. Inafuata kila karatasi, hata ile uliyoielekeza kwenye folda ya picha za harusi. Mzigo unavimba, na faili la nywila linasafiri bila nauli.

Zinazonikera zaidi ni simlinki za njia kamili, yaani inayoanza na mkwaju. tar huondoa mkwaju wa mwanzo kwenye majina ya faili, ila kule simlinki inakoelekea haigusi. /home/mimi/kazi ipo kwako; kwa mteja haipo. Kwenye Linux, ln -sr inakukokotolea njia ya kuanzia pale simlinki yenyewe ilipo.

Kwa hiyo skripti yangu, kabla haijafunga chochote, inapiga find . -xtype l kutafuta simlinki zilizovunjika, yaani zinazoelekea kisichokuwepo, kisha find . -lname '/*' kutafuta za njia kamili. Ikipata hata moja, inasimama na kunitajia jina lake.

Naam, dada wa nyuma? Mac? Badala ya hiyo ya kwanza andika find -L . -type l. Inafanya kazi kote, hata Linux.