Mabati 14 na shefu bandi asiye na dawa

FURAHA: Inarekodi? Ee, naona taa. Haya wapenzi wasikilizaji, salama yenu, ni siye tena, mi na Espoir, leo tuko mu kale kachumba ka nyuma ya kanisa mnakokajua, na kwaya inaingia saa kumi na moja kamili kwa hiyo hakuna kuzungukazunguka. Nimeandika mambo 5 ya kumpima shefu bandi wa hadithi, ule mkubwa wa wabaya, ukiyafuata utajua kama huyu mtu bado ana dawa, yaani anaweza kupona ubaya wake akasamehewa, ama hana tena. Leo tunayamaliza yote.

ESPOIR: Yaya, wiki iliyopita uliandika 7, tukafika kwa la tatu.

FURAHA: Njo maana leo ni 5. Sasa sikia, hii mada haikutoka hewani. Siku ya nne jioni kuranti ilikatika kwetu Himbi, hapa Goma, watoto walikuwa wanaangalia katuni kwa telefone yangu, batri ikaisha, vita ikaanza. Nikawaambia kujeni hapa, nitawapa hadithi. Nikawapa ya Mwindo, vile bibi yangu wa Walikale alikuwa anatupa siye tukiwa wadogo, mbele ya moto, na wimbo wake na kila kitu.

ESPOIR: Eleza kidogo, kuna watu wa Lubumbashi wanatusikiliza.

FURAHA: Watu wa Lubumbashi, hii ni ya Wanyanga. Shemwindo ni mwami wa kijiji cha Tubondo, ana wake 7, anawakusanya anawaambia mi nataka wasichana tu, atakayezaa mvulana huyo mtoto nitamuua. Sita wanazaa wasichana. Nyamwindo, ule mke kipenzi, anazaa Mwindo. Baba anarusha mkuki ndani ya nyumba, anakosa. Anamzika mzima, mtoto anatoka. Anaamuru wamweke ndani ya ngoma, wanaifunga kwa ngozi, wanaitupa majini. Na mtoto anaimba humo ndani! Anaenda mpaka kwa shangazi yake Iyangura. Baadaye anarudi na wajomba zake, radi ya Nkuba, mwenye radi, inaiteketeza Tubondo, baba anakimbilia chini ya ardhi, Mwindo anamfuata huko huko, anamrudisha. Halafu nini? Baba anasimama mbele ya watu wote, anakiri ubaya wake, mtoto anamsamehe, wanagawana utawala. Mwisho.

ESPOIR: Mwisho mzuri.

FURAHA: Mi pia nilidhani ni mzuri, miaka yote hii. Wa pili wangu, ule wa miaka 9, alinyamaza, nikajua amelala. Kumbe hapana. Ananiuliza kwenye giza, mama, na kama Mwindo angekufa ndani ya ngoma, nani angemsamehe baba?

ESPOIR: ...Eh.

FURAHA: Sikuwa na jibu. Nikamwambia lala. Na mi mwenyewe sikulala, nilibaki naangalia dari mpaka jogoo. Juu fikiria, ule baba alifanya yote ya kuua. Mkuki aliurusha kwa nguvu, kaburi alilichimbisha. Kilichomwokoa Shemwindo siyo roho yake, ni kwamba mtoto alikuwa na nguvu kuliko yeye. Angekuwa mtoto wa kawaida, kama huyu wangu, hakuna mkutano, hakuna kukiri, kuna ngoma imenyamaza majini na mwami anakula ndizi yake. Ni mtu ule ule, Espoir! Basi tunasemaje huyu ana dawa na mwingine hana?

ESPOIR: Sawa, hapo ndipo mi na wewe tutaachana mapema, juu kwangu mtu unampima kwa kile anachofanya baada ya kukamatwa. Naomba niseme ya shangazi yangu.

FURAHA: Wa Majengo?

ESPOIR: Kwani nina mwingine? Wasikilizaji wanamjua. Wiki hii bati la 9 limefika.

FURAHA: Usiniambie! La 9?

ESPOIR: La 9! Kwa wale wapya. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, siku chache baadaye wakasema Majengo watu watoke, shangazi akaenda Sake kwa miguu na godoro kichwani. Akamwachia nyumba binamu yangu, simtaji, akasema we kijana una miguu, linda hii nyumba ya mbao. Anarudi anakuta kuta ziko, mlango uko, juu anaona mawingu. Mabati 14 yote yameuzwa. Mvua imeingia kitandani, mu unga, mu picha za marehemu mjomba.

FURAHA: Zile picha njo ziliniuma mi.

ESPOIR: Familia ikakaa. Wengine polisi, wengine afukuzwe, baba mdogo alikuwa tayari amesema huyu kwangu ni mtu aliyekufa. Shangazi akawasikiliza wote, halafu akasema, ataleta bati moja moja. Sitaki pesa, nataka bati, alibebe kichwani yeye mwenyewe, apite nalo barabarani watu wakimwona. Na kila bati akilileta, atalipigilia mwenyewe, halafu atakaa, atakula.

FURAHA: Hapo kwa kula njo huwa nashindwa kumwelewa.

ESPOIR: Mi njo napaelewa zaidi! Anakula samaki wadogo wa sambaza na ugali wa shangazi, sahani moja na watoto wa nyumba. Wakati bati la tatu aliacha mwaka mzima hakuonekana, tukasema basi. Akarudi na mbili. Sasa ni 9, upande wa kitanda umeshafunikwa wote. Kwa hiyo mi nikiangalia shefu bandi yoyote, wa katuni, wa filme, wa hadithi ya bibi, sijiulizi moyo wake ukoje, moyo nitauonea wapi? Najiuliza ameleta mabati mangapi.

FURAHA: Hiyo ni nzuri, lakini tuingie kwenye karatasi. La kwanza, je alichagua. Kama mtu ameundwa mbaya, ni jini, ni zimwi, hakuwahi kuwa na njia panda, hapo hakuna kesi, huwezi kuihukumu mvua. Shemwindo alichagua. Hili halina ubishi, twende.

ESPOIR: La pili?

FURAHA: La pili, uzito wa alichofanya ndani ya ulimwengu wake. Juu kwenye hadithi ambapo kila mtu ni muuaji, muuaji mmoja hasimami peke yake...

ESPOIR: Ngoja hapo, juu nina mfano umenikaa rohoni toka utotoni. Vegeta, wa katuni ya Dragon Ball.

FURAHA: Nilijua.

ESPOIR: Yaya, sikiliza hii kwa makini, ni kesi kabisa! Vegeta alikuja duniani kuua. Baadaye akakaa na watu, akapata mke, akapata mtoto, halafu siku ya mashindano makubwa akajiachia kwa ule mchawi Babidi kwa kupenda, akaua watazamaji mu tribini, watu wasio na kosa, walikuja kuangalia mchezo. Halafu akajilipua kupigana na lile zimwi Boo ili mtoto wake aishi. Akafa. Sasa mwisho wanamwomba joka, lile la kutimiza maombi, afufue wote waliokufa tangu asubuhi ya siku ile, isipokuwa wale wabaya kabisa. Maneno ni hayo, isipokuwa wabaya kabisa. Na ile duara ya wafu juu ya kichwa cha Vegeta inapotea, amefufuka! Yeye mwenyewe anashangaa. Joka limemhesabu.

FURAHA: Na wale wa tribini?

ESPOIR: Nao walifufuliwa.

FURAHA: Ahaa.

ESPOIR: Nini ahaa?

FURAHA: Na watu wa Tubondo, waliokufa kwa radi, Mwindo aliwafanya nini kabla ya ule mkutano? Aliwafufua. Unaona? Kila hadithi inayomsamehe mtu wake mbaya, kwanza inafufua wafu. Inarudisha mabati yote 14 kwa usiku mmoja, halafu inasema haya, tukae tule. Hiyo siyo dawa, Espoir, huko ni kufuta deni kwenye daftari. Chukua hadithi isiyofufua. Ule Darth Vader wa filme za Star Wars mnayemlilia. Mu filme ya 1977 sayari nzima inalipuliwa, na mtu na mtoto wake, na mu ile ya 1983 anamwokoa kijana wake mmoja, wa kumzaa, na jioni ile ile anatokea kama roho safi pembeni ya wazee, anatabasamu. Watu wa ile sayari nani aliwaita kwenye ile sherehe?

ESPOIR: Amri ile ya kulipua ilitoka kwa Tarkin, mkubwa mwingine, siyo kwa Vader.

FURAHA: Na nani alikuwa amesimama nyuma ya msichana wa sayari ile amemshika bega, aangalie kwao kukiungua?

ESPOIR: ...Yeye.

FURAHA: Yeye. Huyo kwako ana bati ngapi?

ESPOIR: Moja. Lakini ni bati, alilibeba, na lilimuua. Mi silitupi. Na nitakupa mwingine ambaye hana hata moja, ili uone sisamehi ovyo. Iago wa Shakespeare. Mchezo wa Othello ulichezwa London 1604, mpaka leo watu wanahangaika nao juu ya huyu mtu mmoja. Ameua ndoa ya Othello na Desdemona, Desdemona amekufa, na Emilia, mke wa Iago mwenyewe, Iago amemuua kwa mkono wake, wanamkamata, wanamuuliza kwa nini, kwa nini ulifanya hivi? Na anasema msiniulize kitu, mnachojua mnakijua, kuanzia sasa sitasema neno. Anafunga mdomo. Hapo njo mi nasema, huyu hana dawa. Kuua wengi wameua. Yeye aliambiwa kaa usimame mbele ya watu uongee, kama Shemwindo, akakataa.

FURAHA: Kwa hiyo angeongea angepona?

ESPOIR: Angeanza kupona.

FURAHA: Na Desdemona je?

ESPOIR: Desdemona amekufa, yaya, hakuna neno litakalo...

FURAHA: Basi! Njo swali la mtoto wangu! Aliye ndani ya ngoma amekufa. Nani ana haki ya kusema haya, ongea, tutakusikia? Othello, mume aliyemuua? Hana. We na mi tuliokaa kwenye viti? Hatuna. Shangazi yako ana haki juu ile nyumba ni yake na yuko hai na anaona bati linaingia. Mi nakubali hukumu ya shangazi kwa mabati. Lakini usiichukue ukaifunike juu ya kaburi. Mtu aliyeua mwingine asiyeweza kufufuka, kwangu hana dawa. Anaweza kulia, anaweza kuwa mpole, anaweza ata kufa kwa ajili ya wengine, na mi nitalia naye kwenye filme, lakini deni liko pale pale juu mwenye kulisamehe hayuko.

ESPOIR: Ukisema hivyo umefunga mlango kwa watu wengi sana, na siyo wa hadithi tu. Hapa Goma we unajua ni nani tunapishana nao kila siku kwenye njia. Ukimwambia mtu ata ufanye nini we ni wa jana tu, atafanya nini kesho? Atarudia! Ule binamu, kama baba mdogo angeshinda, yale mabati 9 yasingekuwepo na leo angekuwa anauza ya watu wengine.

FURAHA: Najua ni nani tunapishana nao. Njo maana siwezi kusema haraka. Mi nimekaa na mama aliyepishana na mtu kama huyo sokoni Virunga, mtu anamsalimia vizuri, shikamoo mama, habari ya watoto. Na mtoto mmoja hayupo juu yake. Mwambie huyo mama ahesabu mabati.

[kimya]

ESPOIR: Huyo siwezi kumwambia.

FURAHA: Basi.

ESPOIR: Lakini kutomwambia yeye haina maana kwamba ule mtu hana kitu cha kubeba. Abebe. Ata kama hakuna nyumba ya kupeleka. Abebe tu mpaka afe.

FURAHA: Abebe, sijakataza. Mi nasema asiketi kula.

ESPOIR: Na mi nasema bila kuketi kula hatabeba la pili. Shangazi alijua kitu pale.

FURAHA: Shangazi alipoteza paa.

ESPOIR: Na picha za mume wake! Zile nazo hazifufuki, yaya! Picha zile ndizo zilibaki peke yake, hakuna nyingine duniani, na alimpakulia ugali.

FURAHA: ...Picha siyo mtu.

ESPOIR: Kwake yeye ilikuwa karibu sana na mtu.

FURAHA: Sikubali.

ESPOIR: Na mi sikubali.

[mlango, sauti za watu]

FURAHA: Kwaya imefika. Mama Chantal, karibu, dakika moja tu tunatoa mikro. Espoir, la pili hatukulimaliza.

ESPOIR: La pili lilikuwa linasema nini?

FURAHA: Uzito ndani ya ulimwengu wake. La tatu, kama hadithi inatuonyesha uchungu wake wa utoto, ni maelezo ama ni udhuru, na hili nilikuwa nalitaka sana. La nne na la tano basi, karatasi naiweka mu mkoba, hazitasemwa leo.

ESPOIR: Tumeni odio zenu, mniambie shefu bandi wenu ameleta mangapi.

FURAHA: Na mniambie nani alikuwa ndani ya ngoma. Mi jioni narudi nyumbani kwa huyu mtoto na ataniuliza tena, namjua.

ESPOIR: Utamwambia nini?

FURAHA: Shika huu waya kwanza, wanataka kuweka kinanda.