Konokono Analala Wapi Mchana?

Wazee wangu shikamooni. Vijana, habari za asubuhi. Mwenyekiti wa kikundi ameniomba nizungumzie konokono kwa sababu masika yameanza na kila mwenye bustani hapa Tanga ana kesi. Dada yangu aliyekaa mbele amekuja na ushahidi kabisa, kopo la rangi lenye konokono kumi na saba, wote wa tuta moja la mchicha. Ahsante dada, ila lifunike, wameanza kutoka.

Hao waliomo koponi ni wenyeji kutuzidi sisi. Konokono mkubwa wa nchi kavu, ambaye jina lake la kitaalamu ni Achatina fulica, asili yake ni huku huku mwambao wa Afrika Mashariki. Watu ndio waliomtembeza. Alifika Calcutta, India, mwaka 1847, na Hawaii mwaka 1936. Mwaka 1966 mtoto mmoja alirudi Miami, jimbo la Florida huko Marekani, kutoka Hawaii na konokono watatu, bibi yake akawatupa bustanini. Watatu tu! Kuwamaliza kukachukua karibu miaka kumi, fedha zikafika kama dola milioni moja, wakaokotwa zaidi ya 18,000. Mwaka 2011 wakaonekana tena jimboni humo, vita vikaendelea mpaka 2021. Kwa hiyo mama, ukiona umeshindwa nao kwa wiki mbili, usijilaumu.

Basi tumjue. Mwili wa konokono ni maji, na ngozi yake haiyazuii maji hayo yasipotee. Jua la saa sita likimkuta wazi, amekwisha. Ndiyo maana anakula usiku, au mchana wa mvua. Na yule mwenzake asiye na nyumba, koa, mweusi, bapa kama ulimi, ndiye mwoga zaidi wa jua, maana hana hata gamba la kujikunjia. Sisi tunaanza kumfikiria konokono tukishaona jani lina matundu, wakati yeye kashaondoka zamani. Swali langu leo ni moja: mchana analala wapi? Ukipajua, nusu ya kazi umeimaliza.

Analala chini ya makumbi ya nazi uliyorundika pembeni. Chini ya ubao uliobaki fundi alipomaliza banda. Kwenye majani marefu ya ua ambayo hakuna anayeyafyeka kwa kuwa kila jirani anasema si yake. Chini ya matandazo mazito yanayogusa shina la mche. Kiangazi hujifungia ndani ya gamba, akaziba mlango kwa utando wa ute uliokauka, akangoja hata miezi. Mvua ya kwanza inamwamsha. Na kila mmoja ana jinsia zote mbili, kwa hiyo wakikutana wawili, wote wawili wanaweza kutaga. Mzao mmoja unaweza kupita mayai 100, madogo, meupe yenye umanjano kidogo, amefukia kwenye udongo laini. Ukilima tuta ukayakuta, usiyapite. Yaanike juani.

Sasa nije kwenye dawa za kuambiana. Naona mnatabasamu, maana mnajua ninakoelekea. Maganda ya mayai! Mwaka 2018 Royal Horticultural Society, chama cha wapenda bustani cha Uingereza, ilitangaza matokeo ya jaribio lake kwenye saladi: maganda ya mayai, utepe wa shaba, kokoto kali, magome ya msonobari na vidonge vya sufu. Saladi zilizozungushiwa vitu hivyo zililiwa sawasawa na zilizoachwa wazi. Kwa konokono wetu mimi naongeza langu: gamba lake linajengwa kwa madini yale yale yaliyomo kwenye ganda la yai na kwenye chokaa. Hamjamwona ukutani alfajiri, anakwangua chokaa ya nyumba? Hayupo pale kwa matembezi, anatafuta vifaa vya ujenzi. Wewe unamzungushia mchicha maganda, yeye anakuona umempelekea mzigo mpaka mlangoni.

Jivu linafaa likiwa kavu. Likilowa umande, ni udongo kama udongo mwingine, na masika hakuna jivu linalokaa kavu. Chumvi inamuua, kweli, lakini msiimwage tutani. Mimi nilifanya kosa hilo nikiwa mgeni kazini, kwa mama mmoja aliyeniamini kwa sababu tu niliitwa bibi shamba. Konokono walikufa, na mchicha ukakauka nyuma yao. Yule mama hakunigombeza. Aliniletea uji, akanyamaza, na mpaka leo naona afadhali angenigombeza.

Kinachofanya kazi hakina maajabu. Kwanza badilisha saa ya kumwagilia. Wengi wetu tunamwagilia jioni, tukitoka kazini, na mimea inapenda. Lakini unapolowesha tuta saa kumi na mbili jioni, umemtandikia konokono barabara ya usiku kucha. Mwagilia asubuhi na mapema, maji yalenge shina, ili giza likiingia uso wa udongo uwe umekauka. Hili peke yake nimeona likipunguza uharibifu kuliko dawa yoyote ya kununua.

Pili, ondoa malazi yake yote, kisha mwachie moja unalolijua wewe. Hapa ndipo napenda. Safisha makumbi, mbao, nyasi za ua, halafu weka ubao mmoja mpana karibu na tuta, umeinuliwa kidogo, chini yake maganda ya papai. Papai wanalipenda kupita kiasi, ni udhaifu wao. Asubuhi saa mbili unakwenda, unainua ubao, wamejaa, wamelala. Koa naye utamkuta humo humo. Wazungu hutega kwa bia. Kinachomvuta ni harufu ya kitu kinachochachuka, kwa hiyo nyumba isiyoingiza pombe itie unga wa ngano, hamira, sukari na maji kwenye kopo, ulichimbie mpaka mdomo ubaki juu kidogo ya udongo. Wataingia wadogo na koa. Yule mkubwa wa kopo la dada atakunywa aondoke.

Mkubwa anatakiwa tochi. Saa mbili au tatu usiku, baada ya mvua, na watoto wawe wamevaa glovu au mfuko wa plastiki mkononi. Waokoteni mtie kwenye ndoo ya maji ya chumvi, na maji hayo yasimwagwe bustanini. Msiwatupe kwa jirani, jamani. Si ustaarabu, tena wanarudi. Mwaka 2010 bibi mmoja wa Uingereza aliwapaka konokono wa bustani yake rangi ya kucha, akawahamishia kando, wakarejea nyumbani na rangi zao.

Bata wanasaidia sana kwa wadogo, ila miche ikiwa michanga bata naye anaikanyaga na kuila, kwa hiyo waingize baada ya mavuno, kabla ya kupanda tena.

Vile vidonge vya buluu vya kuulia konokono vya duka la pembejeo, vingi ni vya sumu iitwayo metaldehaidi. Mbwa akivila anatetemeka mpaka kufa, na Uingereza wamevipiga marufuku kwa matumizi ya nje tangu 2022. Vipo vya fosfeti ya chuma, hivyo havina hatari kubwa hivyo. Soma karatasi kabla hujalipa.

Jambo la glovu silisemi kwa ajili ya kinyaa. Konokono huyu anaweza kubeba mnyoo anaoupata kwenye kinyesi cha panya, na ukiingia mwilini mwa mtu unaweza kufika kwenye ubongo. Osheni mikono, na saladi ya kuliwa mbichi ioshwe jani kwa jani, maana koa mchanga ni mdogo kuliko punje ya mchele.

Maswali tutaulizana huko huko tukitembea. Nyuma ya kitalu chenu nimeona rundo la makumbi tangu naingia, na mwenyekiti ananikwepa macho. Mwenye glovu avae, dada chukua kopo lako, twendeni tukaliinue rundo hilo.