Pimeni mshazari kabla ya kununua taa

Wahandisi, wasimamizi, na ninyi mnaoshika vibao mkikabiliana na magari mchana kutwa, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie vifaa vipya vya usalama kwenye ujenzi wa barabara. Vipo vingi na nitavifikia, ila kwanza nitasema tena lile ninalolisema kila nikipewa nafasi: mshazari. Ule mstari wa koni unaoanzia pembeni mwa barabara na kusogea kidogo kidogo hadi uifunge njia moja. Huo ukikosewa, hakuna taa itakayoufidia.

Urefu wake hupigiwa hesabu, haukisiwi kwa macho. Kanuni ya mwongozo wa Marekani wa vifaa vya kuongozea magari, ukiigeuza iwe ya mita, ni hii. Magari yakienda kilomita 70 kwa saa au zaidi, zidisha upana wa njia unayoifunga kwa mwendo, kisha gawanya kwa 1.6. Yakienda 60 au chini yake, zidisha upana kwa mwendo, zidisha tena kwa mwendo, kisha gawanya kwa 155. Njia ya mita 3.5 yenye magari ya kilomita 80 inadai mita 175. Njia hiyohiyo kwa kilomita 50 inadai mita 56 tu.

Kosa huanzia kwenye namba ya mwendo. Msimamizi kasimika kibao cha 30 asubuhi hiyohiyo, anaiingiza 30 kwenye hesabu, anapata mita 20, anapanga koni zake na kuondoka ameridhika. Lakini dereva anakuja na 80! Kwa mwendo huo anamaliza mita 22 kila sekunde. Mshazari mzima unampita kabla sekunde moja haijaisha, na ndani ya sekunde hiyo alitakiwa aone, aangalie kioo, apate nafasi, ahame. Kwa mita 175 angekuwa na sekunde karibu nane. Kwa hiyo mwendo wa kuhesabia ni ule magari yanaouenda kweli, au ule uliokuwa ukiruhusiwa kabla ya kazi kuanza. Chukueni mkubwa kati ya hiyo miwili.

Najua mtaniambia: mjini mita 175 tutazitoa wapi, makutano yako kila baada ya hatua chache? Kwanza pimeni, kwa sababu penye makutano mengi magari huwa hayaendi 80. Yakiwa yanaenda, shusheni mwendo kwa kitu ambacho dereva anakihisi. Kuna mikanda ya mtetemo ya kuhamishika, inalazwa kukatiza njia, inakaa kwa uzito wake bila gundi na jioni inaondolewa. Ikagueni mara kwa mara, maana malori huisogeza, na ikikaa upande inawayumbisha wa pikipiki. Banieni njia kwa koni pande zote mbili. Kisha pimeni tena. Makutano yakiangukia katikati ya mshazari, usogezeni wote nyuma uishe kabla ya makutano. Kuukata si jibu.

Nafasi kati ya koni na koni ndani ya mshazari, kwa mita, ni takribani moja ya tano ya mwendo. Kwa 80, wekeni kila mita 15. Mshazari wetu wa mita 175 unataka koni 13. Ukishamalizika, nafasi inaweza kuwa mara mbili yake. Mwenye koni nane asizitawanye kuziba mita 175. Asubiri zitimie ndipo afunge njia. Kwenye barabara ya kasi au usiku, koni isipungue sentimita 70 kwa kimo na iwe na mikanda miwili ya kuakisi, nayo ifutwe kwa kitambaa, maana mkanda uliojaa vumbi hauakisi. Upepo ukiziangusha, ongezeni pete ya mpira kwenye kitako. Jiwe juu ya koni, gari likigonga, linaruka na kumpata mtu.

Baada ya mshazari panafuata nafasi ya kinga. Kwa kilomita 80 ni kama mita 130, umbali anaouhitaji dereva aliyeshtuka mpaka asimame. Humo hakukai kitu. Hakukai rundo la kokoto, tangi la maji, tipa linalosubiri zamu, wala mafundi waliotafuta kivuli. Nafasi hii ndiyo huliwa mapema kuliko zote, kwa sababu inaonekana tupu na kila mtu ana mzigo wa kuweka. Utupu wake ndio kazi yake.

Sasa kuna mahali ambapo mshazari mrefu ni hatari, na watu huchanganya. Barabara ya njia mbili, moja imefungwa, magari yanapishana kwa zamu. Hapo mshazari uwe mfupi, mita 15 hadi 30, koni kama sita hivi. Hutaki dereva aingie mwenyewe kwa ulaini. Unataka asimame na kusubiri ruhusa. Na msiweke hapo ubao wa mshale unaowaka, kwa sababu mshale unamwambia aingie njia ya wanaokuja mbele yake. Tumieni taa za tahadhari zisizoonyesha upande.

Mshika kibao asimame pembeni, peke yake, aonekane toka mbali, na awe ameshaiona njia yake ya kukimbilia kabla gari la kwanza halijafika. Hapa vifaa vipya vinasaidia kweli: mkono wa kizuizi wenye taa, unaoendeshwa kwa rimoti, unamtoa mtu kwenye ukingo wa lami. Nautetea kwa nguvu zote. Ila mtu mmoja asiendeshe miwili kama haioni yote miwili pamoja na magari yanayoijia.

Taa za kuhamishika nazo zina kosa moja linalosababisha magari kukutana uso kwa uso: muda wa nyekundu pande zote haubadilishwi kazi inaporefuka. Mita 200 kwa kilomita 30 kwa saa zinahitaji sekunde 24 ili gari la mwisho litoke. Wiki ya pili eneo limefika mita 400 na muda wa nyekundu bado ni uleule wa sekunde 24, wakati sasa zinatakiwa 48. Mwenye baiskeli anahitaji zaidi. Kila urefu unapobadilika, muda huo ubadilishwe siku hiyohiyo.

Muda unanikimbia, niharakishe. Vitambuzi vya foleni vinavyotuma onyo kwenye ubao wa maandishi vinafaa sana, kwa kuwa kugongana kwa nyuma ndiko ajali ya kawaida kabisa katika maeneo haya. Ubao huo useme nini kiko wapi, kwa kurasa zisizozidi mbili. "Endesha kwa uangalifu" haimpi dereva habari yoyote. Vizuizi vya plastiki vijazwe maji na viunganishwe kwa pini zake; vikiwa vitupu havizuii gari. Gari lenye mto wa kufyonza mgongano likigongwa husukumwa mbele, basi msilisogeze hadi visigino vya mafundi.

Waenda kwa miguu walistahili saa nzima. Utepe wa plastiki haumwongozi asiyeona, unapita juu ya fimbo yake. Wekeni kizuizi chenye ukingo wa chini usiokatika, na njia ya miguu isiishie kwenye magari.

Jioni, koni ziondolewe kinyume cha zilivyopangwa, kuanzia mwisho wa kazi kurudi kwenye mshazari, gari lenye taa likiwakinga wanaookota. Vibao vya onyo viondoke mwisho. Kama kazi itaendelea kesho na njia imefunguliwa, vifunikeni kwa kitu kisichopitisha mwanga, au vilazeni kabisa.