Kichwa Kikaguliwe Kwanza, Bei Baadaye

Ndugu wasikilizaji,

Leo nazungumzia nywele kupungua kichwani na jinsi ya kuchagua kliniki ya kuzitibu. Tuanze na kitana. Mtu mwenye kichwa kizima hudondosha nywele kati ya 50 na 100 kwa siku. Aliyefumua misuko ya wiki tatu atakuta fungu zima kiganjani, kwa kuwa zilizokwisha kung'oka zilikuwa zimeshikwa na msuko. Huo si ugonjwa. Shida ipo ngozi inapoanza kuchungulia.

Na mahali inapochungulia panasema mengi. Upara wa kurithi kwa mwanamume huanzia pembe za paji au utosini. Kwa mwanamke, njia ya kupasulia nywele huzidi kupanuka. Baka la duara, laini, lisilo na magamba, mara nyingi ni kinga ya mwili kushambulia mashina ya nywele. Mtoto mwenye magamba na nywele zilizokatikia usawa wa ngozi yaelekea ana mapunye, na hayo hayaponi kwa kupaka tu. Yanataka dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa. Nywele zikipukutika kichwa kizima miezi 2 au 3 baada ya kujifungua, homa kali au upasuaji, kwa kawaida hurudi zenyewe. Ndipo wauza mafuta wanapojipatia sifa ya bure.

Cha kuwahi mapema ni kovu. Nywele za mbele zilizovutwa na misuko ya kubana huota tena ukiacha mapema. Ukichelewa, ngozi hung'aa, vitundu vya nywele hutoweka, na hapo hakuna dawa ya kuvirudisha. Utosi unaowasha au kuuma huku ukipungua nywele usiusubirishe hata mwezi.

Sasa, kliniki. Anayekutajia bei kabla hajakugusa kichwa ni muuzaji. Daktari wa ngozi atauliza dawa unazomeza, maradhi ya karibuni na unavyotengeneza nywele. Atatazama kwa lenzi, kisha atashika nywele kama 50 na kuzivuta taratibu aone ngapi zinatoka. Anaweza kuagiza kipimo cha wingi wa damu, akiba ya madini ya chuma na homoni za thairoidi, tezi ya shingoni. Ukiwa unameza vidonge vya biotini, vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele, mwambie kabla ya kutolewa damu, maana huvuruga majibu ya thairoidi. Akishuku kovu atakata kipande cha ngozi cha milimita 4 kikapimwe maabara.

Minoksidili ya asilimia 5, dawa ya kupaka ya upara wa kurithi, wanaume hupaka mililita 1 asubuhi na 1 jioni, kwenye ngozi iliyokauka. Wengi huishia kupaka nywele. Wiki za mwanzo nywele huzidi kudondoka, na hapo ndipo watu huitupa chupa. Ipe miezi 4 hadi 6. Ukiacha, ulichopata kinaondoka. Finasteridi, kidonge cha upara huohuo, miligramu 1 kwa siku, ni ya wanaume. Inaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa, nayo hushusha kipimo cha PSA, kile cha damu cha kuchunguza tezi dume, kwa hiyo anayekupima ajue. Mjamzito asishike kidonge kilichovunjika.

Upandikizaji hauzalishi nywele, unazihamisha kutoka kisogoni. Nywele za kipilipili shina lake limepinda chini ya ngozi, na mkono usiozoea hulikata katikati. Basi omba picha za wenye nywele kama zako, mwanga uleule, kabla na baada ya miezi 12. Uliza nani hasa atakayetoboa ngozi: daktari, au msaidizi daktari akiwa chumba kingine? Kama vidonda vyako huota makovu ya kuvimba, sema mapema. Na ugonjwa wa kovu ambao haujatulia huzila hata nywele zilizopandikizwa.

Siku ya miadi nenda umefumua, bila mafuta wala poda ya kufichia upara, na dawa zako zote ndani ya mfuko.